Kahawa ya Ngara na Biharamulo: Ladha njema haiji kwa butura

SIFA zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Ndugu msomaji, katika Suratur-Ra'd Mwenyezi Mungu anatuelekeza tuyatazame mashamba yaliyopakana katika ardhi, yanayonyweshwa maji ya namna moja, kisha matunda ya baadhi yake yakawa bora kuliko mengine kwa ladha. Aya hiyo inataja mizabibu na mitende. Kwa sisi tulio Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi ni mibuni. Mti ni ule ule, mvua inatoka katika wingu lile lile, lakini kahawa ya kilima hiki haifanani na ya kilima kile.

Leo, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, tutaitazama kahawa ya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Tutaeleza asili yake, kinachoipa ladha na kinachoiharibu ladha hiyo. Kisha tutafika kwenye jambo linalogusa riziki ya familia nyingi, nalo ni biashara ya butura, yaani kuiuza kahawa ingali ua mtini.

Mti wa nyumbani na mti mgeni

Kahawa inayolimwa Kagera ni ya aina mbili. Ya kwanza ni robusta, ambayo asili yake ni misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, hadi kufikia Uganda na ukanda wa magharibi wa Ziwa Victoria. Wenyeji wa Kagera waliijua kabla ya Mjerumani kufika. Hawakuinywa, bali waliichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaianika, kisha wakaitafuna. Wahaya huiita akamwani, na kumkaribisha mgeni kwa akamwani ni heshima isiyohitaji maelezo. Mwingereza Richard Burton, katika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1860, aliitaja kahawa ya Karagwe inayotafunwa, kwa habari alizopewa na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokaa Kaze, karibu na Tabora ya leo.

Kabla ya dini kuenea katika eneo hilo, punje mbili zinazotoka katika tunda moja la kahawa zilitumika pia katika kufunga udugu wa damu. Sisi Waislamu damu ni haramu kwetu, na desturi hiyo hatuna haja nayo. Hata hivyo inatuonyesha kwamba kwa watu wa huko kahawa haikuwa bidhaa tu, bali ilikuwa alama ya ahadi na uaminifu baina ya mtu na mtu.

Aina ya pili ni arabika. Wataalamu wa mimea wamethibitisha kuwa arabika ilizaliwa na mchanganyiko wa asili wa robusta na kahawa ya mwituni iitwayo eugenioides, ambayo huota pia katika misitu ya ukanda wa Maziwa Makuu. Arabika yenyewe chimbuko lake ni nyanda za juu za Ethiopia, na katika Kagera ni mgeni wa mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Ngara ilipata makazi katika vilima vya Bugufi, nchi ya Wahangaza, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya ufalme wa Urundi. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Bugufi walikuwa tayari na chama chao cha ushirika wa kahawa, miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa vya namna hiyo katika Tanganyika. Kwa hiyo mkulima wa Ngara asidhani kuwa ushirika ni jambo aliloletewa jana. Wazee wake walikuwa humo tangu enzi za mkoloni.

Kutoka Yemen hadi visiwani

Maneno yenyewe yanatusimulia njia ambayo kahawa ilipita. Kahawa ni qahwa ya Kiarabu, na buni ni bunn. Kinywaji hiki kilienea Yemen katika karne ya 15 miongoni mwa watu wa tariqa, waliokitumia ili wasisinzie katika dhikri za usiku. Wanahistoria wanamtaja Sheikh Muhammad al-Dhabhani wa Aden, aliyefariki karibu mwaka 1470, kuwa miongoni mwa wa kwanza kukieneza.

Mwaka 1511 mjini Makka, Khair Beg, msimamizi wa masoko aliyewekwa na watawala wa Misri, aliwakusanya wanazuoni na kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku hiyo haikudumu. Wanazuoni wengi waliona kuwa kahawa hailevyi wala haiondoi akili, na kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Mwaka 1558 Abdulqadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima cha kuutetea uhalali wake.

Mwishoni mwa karne ya 17 Waholanzi waliipeleka arabika katika kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ikastawi huko mpaka ugonjwa wa kutu ya majani, ulioonekana Ceylon mwaka 1869, ulipovuka bahari na kuiteketeza. Mwanzoni mwa karne ya 20 visiwa hivyo viliokolewa na robusta iliyotoka bonde la Kongo, kwa sababu yenyewe huistahimili kutu. Leo Indonesia ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa duniani, na sehemu kubwa ya mavuno yake ni robusta. Wanunuzi wa dunia hawasemi tu kahawa ya Indonesia. Husema ya Sumatra, ya Java, ya Toraja, na kila moja huitofautisha kwa ladha yake. Kama mti wa Afrika umewapa watu wa visiwani jina sokoni, kwa nini Ngara na Biharamulo zisijulikane kwa majina yao?

Kinacholeta tofauti ya ladha

Jambo la kwanza ni mwinuko. Ngara ni nchi ya vilima, na baadhi yake vinapanda kupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake ni wa baridi. Katika hali hiyo tunda la arabika huiva polepole, punje yake huwa ngumu na hukusanya sukari zaidi, na kahawa yake huwa na uchachu mwanana na harufu inayokaribia maua na matunda. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda na Burundi zimejipatia sifa duniani kwa arabika ya namna hiyo hiyo.

Biharamulo iko mashariki ya Ngara, na huko robusta ndiyo iliyozoeleka zaidi. Robusta ina kafeini ambayo hukaribia maradufu ya ile ya arabika, na uchachu wake ni mdogo. Ikiandaliwa vizuri huwa nzito kinywani, yenye uchungu wa kupendeza na ladha inayokumbusha kakao na karanga. Wale wanaokunywa kahawa chungu barazani baada ya sala ya Alasiri, ikimiminwa kutoka katika dele ikiwa na tangawizi na iliki, pembeni kukiwa na kashata au tende, ndio wanaojua thamani ya kahawa nzito. Kahawa nyepesi huzidiwa na viungo, ilhali nzito husimama.

Jambo la pili ni kivuli na udongo. Kagera imezoea kupanda mibuni ndani ya kibanja pamoja na migomba. Mgomba hukinga jua kali, na majani yake yakitandazwa chini huhifadhi unyevu na kuurutubisha udongo.

Jambo la tatu ni mkono wa binadamu, na hapa ndipo mengi huharibikia. Tunda lililochumwa likiwa jekundu huleta utamu. Likichumwa la kijani huleta ukakasi, na hakuna mkaangaji awezaye kuurekebisha. Robusta ya Kagera huanikwa nzima na kuuzwa kama kahawa ya maganda. Ikianikwa juu ya kichanja au turubai hubaki safi, bali ikimwagwa juu ya ardhi tupu huvuta harufu ya udongo na kuota ukungu. Arabika ikimenywa na kuoshwa kwa maji safi siku ile ile ya kuchumwa, ladha yake hujitokeza wazi. Ikilala ndani ya gunia usiku kucha huchacha.

Wadudu nao wana sehemu yao. Katika ukanda wa Maziwa Makuu kuna kasoro inayoipa kahawa harufu ya kiazi kibichi, inayohusishwa na kunguni wa kahawa anayetoboa tunda. Punje moja tu yaweza kuharibu birika zima. Robusta nayo ilishambuliwa na mnyauko fuzari, uliogunduliwa Kagera mwaka 1997, ambao huukausha mti wote. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo Maruku karibu na Bukoba, imezalisha miche inayoustahimili. Basi mwenye kupanda upya asiokote mche popote, bali aulizie miche hiyo kwa maofisa ugani.

Butura ni nini?

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Mibuni inapochanua na kutoa maua meupe yenye harufu kama asumini, ndipo nyumba nyingi zinapokuwa hazina fedha. Akiba ya msimu uliopita imekwisha, ada ya shule inadaiwa, mtoto anaumwa. Hapo hufika mtu mwenye fedha taslimu, naye hununua mavuno yajayo kwa bei ya chini kabisa. Hiyo ndiyo butura.

Tuchukue mfano wa hesabu ili jambo lieleweke. Tuseme mkulima amepokea shilingi 100,000 mwezi Februari, akaahidi kutoa kilo 100 za kahawa ya maganda wakati wa mavuno. Amejiuzia kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Ikiwa bei ya msimu itakuwa shilingi 3,000, atakuwa ametoa mali ya shilingi 300,000 kwa laki moja aliyopewa miezi michache nyuma. Mavuno yakipungua, salio huvutwa hadi msimu ujao, tena likiwa limeongezwa. Mwaka wa pili mkulima huyo huanza akiwa na deni kabla hajashika jembe.

Butura haiishii kuuhujumu mfuko, bali huihujumu na ladha. Mwenye deni husukumwa achume mapema, kijani na nyekundu pamoja, kwa sababu mnunuzi anaitaka kahawa yake haraka. Na kwa nini mkulima apogoe, apalilie na kuchagua tunda kwa tunda, ilhali kila jasho la ziada linamwendea mwingine? Kahawa mbovu hushusha bei, bei ya chini huleta dhiki, na dhiki humrudisha mkulima kwenye butura. Hivyo ndivyo mmea uliokuwa alama ya uaminifu unavyogeuzwa kuwa kamba ya kumfungia mtu.

Serikali imeikemea na kuipiga marufuku biashara hii mara kwa mara, na mwaka 2018 iliagiza kahawa ya wakulima iuzwe kupitia vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS. Hata hivyo agizo la serikali haliwezi kulala na kuamka ndani ya kila nyumba. Kinachoweza kuingia humo ni hofu ya Mwenyezi Mungu.

Sharia inasemaje?

Ndugu Waislamu, jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mpaka yaanze kuonyesha kuiva, na makatazo hayo yaliwahusu muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Katika riwaya ya Anas (R.A.) imeelezwa hekima yake, nayo ni kwamba Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yasipatikane, kwa haki gani mmoja wenu atachukua mali ya nduguye? Ua la mbuni laweza kupukutishwa na mvua kubwa, kukaushwa na jua au kuliwa na wadudu. Kuuza kitu cha namna hiyo ndiko wanazuoni wanakokuita gharar, yaani kuuza kisichojulikana mwisho wake.

Huenda mtu akauliza: je, Uislamu umemfungia mlango mkulima mwenye shida ya fedha kabla ya mavuno? Hapana. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza, bali aliwawekea mipaka: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Mkataba huo huitwa salam.

Baina ya salam na butura kuna tofauti kubwa. Katika salam thamani yote hulipwa papo hapo. Aina ya kahawa, ubora wake, kiasi chake, siku na mahali pa kuikabidhi hutajwa bila kificho. Bidhaa hubaki kuwa deni katika dhima ya muuzaji, wala haifungwi kwenye miti ya shamba fulani. Ikishindikana kupatikana, mnunuzi ama husubiri, ama hurudishiwa fedha zake zile zile bila nyongeza. Butura hufunga miti yenyewe, huacha kiasi na ubora gizani, na huongeza deni muda unaposogezwa. Kuongeza deni kwa sababu ya kumwongezea mtu muda ndiyo riba ya zama za Jahiliya. Hata pale masharti ya salam yanapotimia, haimpendezei Muislamu kuitafuta dhiki ya nduguye ili aibinye bei. Na asisahau kuwa taratibu za soko zilizowekwa na nchi zinamhusu naye.

Mkulima naye ana wajibu

Isidhaniwe kuwa lawama zote ni za mnunuzi. Wapo wanaochanganya kahawa na mchanga au vijiwe ili uzani upande, na wapo wanaoipeleka mizani ikiwa mbichi. Kahawa safi yapasa iwe na unyevu wa takriban asilimia 12, na ikizidi sana huota ukungu ghalani na kuharibu ya wenzake wote.

Mtume (S.A.W.) aliwahi kupita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na kukuta umajimaji. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika kundi lake. Hadithi hiyo yafaa isomwe katika kila ghala la kahawa. Na Suratul-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo, inamhusu mwenye mizani kama inavyomhusu mwenye gunia.

Kuhusu zaka, Imam Shafi'i (R.A.), ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu, aliona kuwa zaka ya mazao ni kwa vyakula vikuu vinavyohifadhika, na kahawa haimo. Imam Abu Hanifa (R.A.) aliona kila kiotacho kina zaka, sehemu moja ya kumi kwa kinachonyweshwa na mvua, na nusu yake kwa kinachomwagiliwa kwa kazi. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, aliiunga mkono rai hii ya pili. Ama fedha za kahawa zikifikia nisabu na kutimiza mwaka, au kahawa ikiwa ni bidhaa ya mfanyabiashara, hapo zaka ya asilimia 2.5 ni wajibu.

Tufanye nini?

Kwanza, fedha za mavuno zipangiwe matumizi siku zinapoingia. Mume akae na mkewe, ambaye mara nyingi ndiye aliyechuma, akabeba na akaanika, watenge ada ya shule na matibabu kabla ya kingine chochote. Ni dhuluma mama kufanya kazi miezi yote kisha asijue hata kahawa iliuzwa shilingi ngapi.

Pili, waumini wa kila msikiti waanzishe mfuko mdogo wa mkopo mwema, qardhul-hasan, usio na riba. Familia kumi zikiweka kidogo kidogo wakati wa mavuno, ile yenye mgonjwa wakati wa maua haitakimbilia butura. Mfuko huo uandikwe na uwe na mashahidi, kama Suratul-Baqara ilivyoagiza katika madeni.

Tatu, vyama vya ushirika navyo vijihesabu. Malipo yanayochelewa ndiyo yanayomtengenezea njia mnunuzi wa butura. Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na mkulima aliyekabidhi kahawa yake ghalani anastahiki asicheleweshewe haki yake.

Nne, tuchume nyekundu peke yake, tuanike juu ya kichanja, na tuipeleke kahawa ikiwa kavu. Ubora ndio utakaozipa Ngara na Biharamulo jina, na jina ndilo litakaloinua bei.

Ndugu msomaji, Mola ameweka tofauti ya ladha katika ardhi ili wenye akili wazingatie. Kazi yetu ni kutoiharibu tofauti hiyo kwa pupa ya mwenye fedha wala kwa hila ya mwenye shamba. Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki shamba zetu, atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu, na awafungulie njia waliofungwa na madeni. Amin.

Wabillahi tawfiq.